Aliposimamishwa, Sio Alipoangukia

Sheria za mpira wa Kimarekani nilifundishwa kwa Kiswahili, na aliyenifundisha alikuwa Mmarekani. Wenzangu wa nyumbani nikiwaambia hivyo hudhani nawatania.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mama Mweusi mzaliwa wa hapahapa Marekani, mkazi wa Temple Hills, Maryland. Kiswahili alikisomea chuo kikuu ujanani, akaenda kufundisha Tanzania kwa muda, akarudi nacho kikiwa safi kuliko changu. Mimi ni mtu wa Nakuru, na Kiswahili changu kimeokota vumbi la kila mahali nilipopita. Nikisema "ile mtu" alikuwa ananikatiza katikati ya sentensi: "Yule mtu, ndugu yangu. Yule." Nilimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kumwita kwa neno jingine.

Tulikutana maktabani, kwenye kikundi cha mazungumzo ya Kiswahili alichokuwa akikiendesha Jumamosi. Nilimpeleka binti yangu, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili hunielewa vizuri kabisa na kunijibu kwa Kiingereza. Binti alikuja mara chache, akachoka. Mimi nikabaki.

Siku moja Mwalimu alifika amevaa shati la milia myeusi na myeupe chini ya koti. Nilimuuliza kama kuna sherehe ya watoto. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa mwamuzi wa mechi za shule za sekondari, na mchana ule alikuwa na mchezo.

"Waamuzi wamepungua," aliniambia. "Vijana hawataki kutukanwa na wazazi. Si ulisema kwenu ulikuwa mshika kibendera?"

"Kwenye mpira wa miguu, Mwalimu. Tena wa shule tu."

"Macho ni yaleyale. Mengine utajifunza."

Wakati ule kazi yangu ilikuwa ya kompyuta, Falls Church, jimbo la Virginia, siku nzima nikiwafungulia watu waliosahau nywila zao. Nikitoka hapo naingia Beltway, barabara kuu inayoizunguka Washington, nasimama na magari, nafika nyumbani Springfield jua limeshakwenda. Nilitamani kitu cha kufanya nje, kwenye hewa, ambacho hakina skrini. Nikakubali kabla sijafikiri.

Masomo yalifanyika mbele ya gereji yake. Alichora mstari kwa chaki, akanipa mpira ule wenye ncha mbili, akaniambia nikae upande wa ndani.

"Huu ni mstari wa pembeni. Ukiukanyaga, uko nje. Mchezaji akiruka akadaka hewani, unatazama nini?"

"Mpira."

"Hapana. Mpira unautazama baadaye. Kwanza miguu. Kwa wachezaji wa shule mguu mmoja ukigusa ndani unatosha. Wale wa kulipwa wanadaiwa yote miwili. Mguu umegusa ndani, ndipo unapandisha macho kuuliza mikono: mnao? Mnao kweli, au mnauchezesha?"

"Na akisukumwa angali hewani, akaangukia nje?"

"Hajadaka. Inauma, lakini hajadaka."

Kisha likaja somo ambalo majirani zake walitoka kulitazama. Aliniambia nikimbie kuelekea kwake na mpira mkononi. Nikakimbia kwa adabu, kama mtu anayekimbia kuelekea kwa mama mkwe. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mdogo, alinidaka kiunoni, akaniinua kidogo, akanirudisha nyuma hatua kadhaa mpaka nje ya chaki. Nikajikuta kwenye majani yake.

"Mpira unawekwa wapi?" aliuliza akihema.

Nilionyesha nilipokuwa nimeketi.

"Hapana, ndugu yangu. Rudi kule mbele. Pale nilipokushika ukashindwa kuendelea. Sheria inakupa pale ulipofika. Mtu hawezi kukunyang'anya ulichopata kwa kukubeba tu. Lakini ukigeuka mwenyewe ukakimbia nyuma bila kushikwa, hiyo ni hasara yako."

"Na saa je? Nimetoka nje ya uwanja. Si inasimama?"

Alifurahia swali hilo. Alinipa mkono nikainuka.

"Hapo ndipo wazazi watakapokuchukia. Kwa sheria, ulikuwa umekwisha kusimamishwa ndani. Mchezo uliishia pale. Kwa hiyo hukutoka. Saa inaendelea." Akauzungusha mkono wake hewani, mzunguko mkubwa wa polepole, ishara ya kwamba saa iende. "Fanya hivi, na usiangalie jukwaani."

Msimu wa kwanza nilipewa mechi za watoto wadogo, wa pili nikapandishwa. Nilipewa mstari wa pembeni, nikaupenda. Unasimama karibu na mchezo kiasi cha kusikia pumzi. Kwenye nyasi bandia kuna chembe nyeusi za mpira zilizotandazwa chini, na mguu ukitua zinaruka. Hata vumbi jeupe la chaki halikupi ushahidi mzuri kama ule.

Mechi ninayotaka kuisimulia ilichezwa Springfield, Jumamosi mchana, majani yakiwa yameshageuka rangi na upepo ukiyasukuma uwanjani. Nilikuwa upande wa jukwaa la wenyeji. Wenyeji walikuwa nyuma kwa pointi chache, saa inaelekea kwisha, na walikuwa wameshatumia nafasi zao zote za kuomba mchezo usimame. Njia pekee ya kuisimamisha saa ilikuwa kumpata mtu atoke nje na mpira, au mpira uanguke bila kudakwa.

Ulirushwa upande wangu. Kijana mmoja mrefu, mwembamba, alikuja akikimbia sambamba na mstari, akageuka, akaruka. Nilitazama miguu. Mguu wa kushoto ulitua ndani, chembe zikaruka, kati ya kiatu na mstari mweupe palikuwa na nafasi ya kutosha vidole vyangu. Nikapandisha macho: mikono ilikuwa nao, umebanwa kifuani. Amedaka. Akageuka ili atoke nje, na hapo hapo walinzi wawili wakamfikia kwa mbele. Hawakumwangusha. Walimkumbatia, miguu yake ikaacha kwenda, kisha wakamwendesha nyuma, nyuma, mpaka wakamvusha mstari na kuanguka naye mbele ya benchi ya wenzake.

Nilipuliza filimbi, nikakimbilia pale alipokuwa ameshikwa, nikaweka mguu wangu. Hakuwa amefikia umbali ambao timu yake iliuhitaji ili ipewe majaribio mapya. Angeufikia, saa ingesimama kwa sababu hiyo. Nikainua mkono na kuuzungusha.

Jukwaa zima lilikuwa limemwona akianguka nje. Wachezaji wenyewe walidhani saa imesimama, wakawa wanatembea. Kocha ndiye aliyeiona kwanza. Alipiga kelele ambayo maneno yake sikuyaelewa, lakini nia yake niliielewa. Wakakimbia kujipanga, mmoja yuko huku, mwingine kule, na kabla mpira haujaguswa honi ya mwisho ikalia.

Sikuangalia jukwaani, kama nilivyofundishwa. Lakini masikio hayana kope.

Waamuzi huondoka pamoja, haraka, kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimevua kofia na nimefika kwenye gari langu niliposikia Kiswahili.

"Weye? Ni weye njo ulifanya vile?"

Nilimfahamu kabla sijageuka. Alikuwa mama Mkongo wa kanisani kwetu, kanisa letu dogo la Waswahili kule Falls Church, ambako Wakenya, Watanzania na Wakongo tunaimba wimbo mmoja kwa lafudhi tatu. Alikuwa anawatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na chini ya koti alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Nilijua ana kijana. Sikuwahi kumwona akicheza, na ndani ya ile helmeti kila mtoto ni macho na meno tu.

"Mama, kumbe ni mwanao..."

"Mutoto yangu alitoka inje. Batu bote baliona. Saa haikusimama juu ya nini?"

Mwenzangu mmoja alikuwa ananiita kutoka garini mwake. Hatukuruhusiwa kujibizana na wazazi baada ya mchezo.

"Mama, samahani. Hapa siruhusiwi kuuzungumzia mchezo."

"Huruhusiwi!" Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu. "Leo njo mara ya kwanza nimemuona anacheza. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili nikuje. Na weye unaniambia huruhusiwi."

Akafunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni, akaenda zake.

Usiku ule sikula vizuri. Nilimpigia Mwalimu, nikamweleza yote kwa mpangilio. Hakunikatiza hata niliposema vibaya.

"Alikuwa amesimamishwa kabla hawajamtoa?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu. Miguu yake iliacha kwenda."

"Ulikuwa karibu?"

"Ningeweza kumgusa."

"Basi uamuzi wako ni sawa, usiubadilishe moyoni kwa sababu ya huruma. Ila mwambie anayewapangia mechi kwamba mnasali pamoja na familia hiyo, asikupangie tena shule ile. Na huyo mama usimwache hivyo. Uwanjani ulikuwa mwamuzi. Kanisani wewe ni nani kwake?"

"Ndugu."

"Haya."

Jumatatu nilitoa taarifa hiyo. Jumapili mama yule aliketi upande wa pili wa kanisa na kutoka kabla ya chai. Jumapili iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo. Aliponipita mlangoni alinisalimu, maana hakuwa mtu wa kunyima salamu, lakini ilikuwa salamu ya kumpa mtu wa posta.

Aliyeivunja ile hali ni kijana mwenyewe. Alinifuata nikiwa nakunja viti baada ya ibada. Aliongea Kiingereza, kama wanavyoongea wote wa umri wake pale, na kwa heshima. Alisema wameangalia video na kocha. Video ilipigwa kutoka juu jukwaani, migongo ya walinzi imemficha, haionyeshi kitu cha kumaliza ubishi. Lakini yeye hakuhitaji video, alisema. Alikuwepo. Alihisi miguu yake ikikwama, akajua amekwisha, na alipokuwa anabebwa alikuwa anawaza tu asiuachie mpira.

Kisha akahamia Kiswahili, ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake, kila neno akilipima.

"Mama hataki kunisikia. Anasema ninakutetea. Umwambie wewe, uncle."

Nikamfuata mama yake ukumbini. Alikuwa anamimina chai, na watu wamemzunguka.

"Mama, leo naruhusiwa," nikamwambia. "Nipe nafasi nikueleze."

Aliweka birika chini.

Nilianza vibaya. Nilitafuta namna ya kuiita ile sheria kwa Kiswahili, nikaitafsiri neno kwa neno: maendeleo ya mbele. Mzee mmoja wa Tanga, dereva wa lori, akatema chai.

"Maendeleo ya mbele! Hayo si ya mpira, hayo ni ya hotuba ya mkuu wa wilaya."

Ukumbi ukacheka, na mjadala ukazuka. Mkenya mmoja, muuguzi, alisema tuite hatua za mbele. Mzee wa Tanga akasema hapana, ni upeo, mtu na upeo wake. Mwingine akasema tuache Kiingereza kilivyo, Mungu anakielewa. Mama alikuwa anawasikiliza kwa mikono iliyokunjwa, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

"Tuache majina," nikasema. "Tuonyeshe."

Pale ukumbini kuna zulia lisilofika ukutani. Ukingo wake ukawa mstari wa pembeni. Kijana akapewa mkate wa kukata uliokuwa bado kwenye mfuko wake, mzee wa Tanga na yule muuguzi wakajitolea kuwa walinzi. Nikamwomba mama asimame nilipokuwa nimesimama mimi siku ile, karibu kabisa na ukingo.

"Leo wewe ndiye mwamuzi," nilimwambia. "Tazama miguu."

Kijana aliruka, mkate kifuani, mguu mmoja ukatua kwenye zulia. Walinzi wakamkumbatia. Mzee wa Tanga alikuwa na nguvu kuliko tulivyodhani. Walimwendesha nyuma mpaka wakamtoa kwenye zulia na kumbandika ukutani, karibu na meza ya vikombe. Watu wakapiga makofi.

"Inje!" mama akasema. "Saa isimame."

"Nani alimtoa?"

"Hawa."

"Yeye alikuwa anaenda wapi?"

"Mbele. Halafu inje."

"Sawa. Kabla hawajamrudisha, mwisho wake ulikuwa wapi? Mahali pa mwisho alipofika kwa nguvu zake?"

Alilitazama zulia kwa muda. Kisha akatembea mwenyewe, akaweka kiatu chake mahali fulani, akakisogeza kidogo mbele, akatulia.

"Fasi hii."

Nilikuwa nimeuweka mguu wangu hivyohivyo kule Springfield. Nilimwambia. Nikamweleza kwamba mpira uliwekwa pale, hawakupoteza hata unyayo mmoja kwa kule kusukumwa.

"Kwa hiyo ile kumusukuma haihesabiwi."

"Haihesabiwi kabisa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikadhani tumemaliza. Lakini alikuwa anafikiri, na alipoinua uso aliuliza swali ambalo hata kocha hakuniuliza.

"Fasi mulimurudishia. Na wakati? Alitoka inje juu saa isimame, apate wakati. Mulimupa fasi, mukamunyima wakati. Juu ya nini?"

Nilijaribu kulijibu kama nilivyoelewa. Nilisema ni jambo lilelile moja. Sheria ikisema mchezo uliishia hapa, ndani, basi yote yaliyofuata inayahesabu kama hayakutokea: kusukumwa hakukutokea, na kutoka nje pia hakukutokea. Huwezi kukataa kusukumwa na kukubali kutoka. Ukichukua moja, unachukua na lingine.

Hakuwa na haraka. Alimtazama kijana wake, ambaye alikuwa bado ameubana ule mkate, ameusahau.

"Iko ya haki," akasema mwishowe. "Lakini iko kali."

"Ni kali, mama," nikasema. "Na mimi niliuona ukali wake. Iliniuma kuuzungusha ule mkono."

Sijui kama alikuwa anangoja kusikia hilo. Aliokota birika, akanijazia kikombe, akaweka sukari bila kuniuliza. Kisha akamnyang'anya kijana mkate, akautazama ulivyopondeka, akaanza kuwakatia watu.

Kuanzia hapo alianza kuja na maswali. Alinisubiri mlangoni Jumapili: mtu akidaka huku ameanguka, goti likagusa ndani na kichwa nje? Na mpira wenyewe ukipita juu ya mstari, lakini miguu ikiwa ndani? Mengine nilimjibu, mengine nilimpigia Mwalimu, na mwishowe nikampa mama namba ya Mwalimu, wakawa wanazungumza wenyewe. Mwalimu aliniambia kwamba mwanzoni alitaka kumrekebisha yale "batu" na "fasi", kisha akaamua kuyaandika pembeni ayajue, kwa sababu hicho nacho ni Kiswahili na hakuna aliyemfundisha hicho chuoni.

Msimu uliofuata shule ya kijana ilitafuta wazazi wa kujitolea kushika mnyororo, yaani zile fimbo mbili ndefu zilizounganishwa na mnyororo wa kupimia umbali, zinazosogezwa pembeni mwa uwanja kila mpira unaposogea. Mama akajitolea. Alipanga zamu zake upya, akawaeleza wazee wake anaowatunza anakokwenda, nao wakawa wanamuuliza matokeo.

Kwa kuwa sikupangiwa tena shule ile, nilikwenda kama mtazamaji, na nilimchukua Mwalimu kutoka Temple Hills, maana magoti yake yalikuwa yamemkataza kukimbia. Tuliketi jukwaani na blanketi moja. Mama alikuwa upande wa pili wa uwanja, amevaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya koti, ameshika fimbo wima. Mshika mnyororo haruhusiwi kushangilia. Anafanya kazi chini ya waamuzi, na lazima awe hana timu. Kijana wake alipodaka mara ya kwanza, jukwaa letu lilisimama lote. Yeye aliinama tu, akatazama kwenye nyasi, fimbo ameishika kwa mikono miwili.

Kipindi cha pili mpira ulirushwa upande wake kabisa. Kijana aliruka mbele ya mama yake, akadaka kwa mikono iliyonyooka, akatua. Mwamuzi wa upande ule alikuja akipunga mikono: nje, hakudaka. Watu waliotuzunguka walipandwa na hasira. Mmoja alisema mwamuzi anahitaji miwani. Mwalimu alikuwa ameinuka nusu, ametoa shingo, lakini kutoka kule tulikokuwa hatukuweza kuona.

"Umeona?" aliniuliza.

"Sijaona, Mwalimu."

"Hata mimi."

Baada ya mchezo, ambao walishinda, tulimkuta mama kwenye maegesho. Alikuwa amefungua buti ya gari, na ndani yake kulikuwa na makemba ya kukaanga, zile ndizi za Kikongo, yaliyofunikwa kwa karatasi ya foili, bado ya moto. Mwalimu na mama walikumbatiana kwa muda mrefu. Walikuwa wameongea mara nyingi kwa simu lakini hawajawahi kuonana. Tukala tumesimama, mvuke ukitoka vinywani.

Kijana akaja, nywele zimelowa, begi begani. Alimsalimu Mwalimu kwa Kiswahili, akachukua kipande cha ndizi, na kabla hajakitia mdomoni akamgeukia mama yake.

"Mama, ulikuwa pale. Ulikuwa karibu kuliko wote. Nilikuwa ndani, sivyo?"

Mama alimfuta mafuta kidevuni kwa kidole gumba.

"Ulikuwa inje, mutoto yangu. Ulikanyaga mustari. Kula."

Akala.